Kazi ya Yule wa Pili

Benchi letu liko nje ya kinyozi, chini ya spika ambayo fundi redio, tunayemwita Waya, aliileta kuijaribu na hajaichukua mpaka leo. Siku hiyo kahawa ilinywewa kwa wasiwasi. Kinyozi mwenyewe, Mjomba wetu sote, alikuwa anangoja ugeni: baba wa binti aliyeposwa na mpwa wake anakuja kuuliza jambo moja tu, kijana anafanya kazi gani. Mpwa ni nusu ya Kitasa na Funguo, vijana wawili wanaotengeneza muziki wa disko kwa kompyuta. Funguo anabonyeza. Kitasa, ambaye ndiye mpwa, anasimama kando yake na kutikisa kichwa.

Mjomba: Jamani, nisaidieni, posa isinifie mkononi. Nimwambie nini?

Waya: Mwambie ni mtayarishaji.

Mjomba: Akiuliza anatayarisha nini?

Waya: Mwambie anatayarisha, basi.

Mzee mmoja wa shati lililonyooshwa akaja, akaketi pembeni. Mjomba akamwomba asubiri kidogo, atanyolewa, akampa kikombe.

Akaingilia Katibu, aliyestaafu ofisi ya serikali bila yeyote kujua alikuwa akifanya nini humo.

Katibu: Acheni utoto. Kila kazi ya maana ina watu wawili, wa kuifanya na wa kuridhia kwamba imefanyika. Funguo anabonyeza, Kitasa anaridhia. Kile kichwa kinachotikiswa ndiyo saini yake.

Mjomba: Na asiporidhia?

Katibu: Kazi inarudishwa. Hujasikia nyimbo zao, kipande kilekile kinarudi na kurudi? Kimekataliwa hicho.

Waya: Wewe nawe! Kitasa anatengeneza kimya. Dum, nafasi, dum. Dum ni ya Funguo, nafasi ni ya Kitasa. Mwaka ule waliogombana, Funguo akapiga peke yake, si mliona? Dum zimebanana, watu wanainua mguu hawana pa kuushusha.

Mjomba: Kumbe ndiyo maana jirani yangu alirudi amebebwa!

Waya: Mguu bado uko juu.

Katibu: Na Kitasa alipotoa wimbo wake peke yake?

Waya: Kimya mwanzo mpaka mwisho. Redio ziliupiga wiki nzima, watu wakaniletea zao nizitengeneze.

Mjomba: Kwa hiyo nimwambie mkwe kijana anauza kimya?

Katibu: Anasambaza. Kuuza kunataka kibali.

Mjomba sasa alishapata moto.

Mjomba: Tena walipopatana, si Kitasa alipiga chafya jukwaani, kichwa kikainama? Ukumbi mzima uliinama!

Katibu: Hilo lilikuwa agizo halali.

Waya: Wengine hawajainuka mpaka leo.

Yule mzee akaweka kikombe chini taratibu.

— Samahani, ndugu zangu. Mimi ndiye baba wa binti.

Mjomba akasimama, taulo begani.

— Karibu, mkwe! Karibu sana! Kumbe ni wewe! Tulikuwa tunatania tu hapa...

— Hapana, nimewaelewa vizuri. Huyu bwana wa kuridhia ameeleza hata mtoto angeelewa. Nimebakiwa na swali moja dogo.

— Uliza, mzee wangu, uliza lolote.

— Yule anayebonyeza, ameoa?

Waya akamtazama Katibu, Katibu akaitazama barabara. Mjomba akanyakua birika amwongeze mgeni kahawa, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi. Halikutoa hata tone.