Msamaha Uliotangulia Kosa

Basi la Machame asubuhi ile lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo nilimsikia vizuri mama wa kiti cha mbele akimgeukia kijana mwenye gitaa. Kijana bado alikuwa na rangi nyeupe ya jukwaani nyuma ya masikio.

"Si wewe uliyenipigia magoti jana mchana, kwenye lile onyesho la roki?"

"Shikamoo mama! Ndiye mimi. Ulifurahi?"

"Marahaba. Nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Lakini ulinipa jani la isale mbele ya ukumbi mzima. Kwetu Wachagga, anayekupa isale anaomba msamaha, na humkatalii. Nikakusamehe. Sasa niambie, ulinikosea nini?"

Kijana alicheka, akajikuta anacheka peke yake. "Mama, mimi mtu wa Tanga. Nilitaka tu kitu cha kijani, kipendeze kwenye taa."

"Nimelala kwa binti yangu mjini, nalitafuta kosa lako mpaka kumekucha."

Nijuavyo mimi, kazi hiyo ni ya mkosaji.

"Jani lenyewe ulilichuma wapi?" mama akauliza.

"Shirimatunda, kwenye uzio wa nyumba yenye mlango wa bluu. Tulikata mengi, tulikuwa tunapamba jukwaa."

Konda akagonga bati, basi likasimama Shirimatunda. Mama akashuka mbele ya mlango wa bluu. Uzio ulikuwa na pengo, na katikati ya pengo ng'ombe wa jirani anatafuna migomba ya mama.

"Na nimeshakusamehe!" alifoka.