Jina la Mama Kerubo Lilipofutwa Siku ya Sabato

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe tena! Upande huu nimewasikia. Upande ule wa dirishani mmeitikia kidogo sana, na mimi siku hizi mtu akinyamaza namwangalia mara mbili. Mnivumilie. Mkisikia yaliyonipata mtaelewa kwa nini.

Mimi ni Moraa, yule wa duka la kuchapisha hapa Nyaramba. Kadi za harusi, mabango, na zaidi ya yote wasifu wa marehemu. Mnajua kwetu mtu hazikwi bila ile karatasi yenye picha yake na majina ya watu wake. Na mnajua vita vyake! Jina la mke likikosekana, au mtoto mmoja akirukwa, hayo ni maneno ya miaka. Kesho shamba likigawanywa, mtu anatoa ile karatasi kwenye sanduku anasema, "Hata siku ya mazishi hukuandikwa."

Zamani kazi zangu zote zilikaa kwenye kompyuta moja pale dukani. Wezi wakavunja mlango wakaibeba. Nililia, ndugu zangu! Ndipo Mama Zainabu, yule Mwislamu anayeshona sare za shule kule Kisii mjini, akaniambia, "Moraa, weka kazi yako kwenye wingu la mtandao. Kompyuta ikiibiwa, unafungua kwa nyingine na kila kitu kiko."

Mimi nikamuuliza, hilo wingu ni la nani? Nani anakaa huko na vitu vyangu? Anavisoma? Akikasirika je? Mama Zainabu akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Wewe usiogope mwenye wingu. Ogopa wale unaowapa ufunguo." Neno hilo lilinipita, na mimi nikabaki kuogopa mwenye wingu.

Basi kukatokea msiba Sironga. Mzee mmoja, wake wawili. Mke mdogo ndiye Mama Kerubo, ambaye wengine wenu mnamjua, mama mpole, hana maneno na mtu. Mimi nikaandika wasifu. Na kama ilivyo desturi yetu, lazima ukoo mzima usome na kusahihisha kabla haujachapishwa. Zamani walikuwa wanajaa dukani wakibishana hadi nakosa pa kusimama. Sasa nikasema, nimeendelea! Nikatuma linki kwenye grupu ya simu ya matanga. Nikaifungua wazi, kila mwenye nayo asome na arekebishe mwenyewe. Nani yuko kwenye hiyo grupu? Ee Nyasae, Mungu wangu! Wakwe, majirani, watu wa Nairobi, watu ambao hata hakuna anayejua nani aliwaingiza.

Ijumaa jua likielekea kuzama, kila mtu alikuwa ameandika "sawa, sawa". Nikasoma mara ya mwisho, nikafunga duka, nikaingia Sabato kwa amani.

Jumapili nikafungua, nikabonyeza chapisha. Sikusoma tena, maana nilishasoma! Nikabeba maboksi hadi Sironga, na mazishi ni kesho yake. Mwana wa kwanza wa Mama Kerubo akachukua nakala moja, akasoma, akageuza, akasoma tena. Nikaona uso wake unabadilika. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Moraa, umekula hongo ya nani?"

Nikachukua karatasi. Ndugu zangu, Mama Kerubo hayupo! Yeye hayupo, watoto wake hawapo, wajukuu hawapo. Kama vile mzee aliishi na mke mmoja tangu ujana. Na pale nyuma nikasikia sauti ya mtu mzima ikisema polepole, "Kwani karatasi imekosea?" Niligeuka haraka. Kila mtu alikuwa anaangalia chini.

Mama Kerubo hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti chake cha mjane akaniambia, "Mwanangu, hata wewe?" Hilo ndilo lililonikata maini.

Nilirudi dukani, na jicho langu likamwendea Kemunto moja kwa moja. Kemunto ni msichana ninayefanya kazi naye, na ni wa ukoo mmoja na mke mkubwa. Nikasema moyoni, nyoka ni huyu! Lakini kabla sijafungua kinywa, nikampigia Mama Zainabu. Akaniambia, "Acha kulia. Hilo wingu linakumbuka. Tafuta pale juu palipoandikwa historia, ubonyeze."

Nikabonyeza. Bwana asifiwe! Kila badiliko lilikuwa pale. Ijumaa, Mama Kerubo yupo na watoto wake wote. Jumamosi, wakati wa mahubiri, amefutwa. Jina la aliyefuta? Mgeni asiyejulikana. Basi!

Lakini wakati wa mahubiri Kemunto alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kwaya, mbele yangu, na viatu vyangu nilivyomwazima miguuni! Najua kwa sababu nilivikodolea macho ibada nzima nikihofia atavipanua. Mungu alimwokoa yule msichana na ulimi wangu. Mtu aliyefanya kazi hiyo alichagua saa ambayo alijua sisi Wasabato hatugusi kazi. Kwa hiyo anatujua. Anatujua vizuri sana.

Nikarudisha wasifu ule wa Ijumaa kwa kubonyeza mara moja tu, ndugu zangu. Nikafunga ile linki, nikachapisha upya, mimi na Kemunto, tukisoma jina kwa jina kwa sauti.

Kesho yake mbele ya jeneza wasifu ukasomwa. Lilipotajwa jina la Mama Kerubo, akasimama. Watoto wake wakasimama nyuma yake, na wajukuu, mmoja mmoja, hadi yule wa mgongoni. Baadaye akanishika mkono akasema kwa Kikisii chetu, "Mbuya mono," asante sana. Mimi nililia kuliko wenye msiba!

Wenye biashara ndogo, nisikieni. Mtumainini Bwana, yeye hasinzii! Lakini sisi tunasinzia. Siku hizi linki yangu ni ya kusoma tu, na mwenye sahihisho anakuja dukani na uso wake. Kemunto ana neno lake la siri na mimi nina langu. Mtu akijaribu kuingia, simu yangu inalia kwanza, inaniuliza kama ni mimi.

Na wewe uliyefuta, sijui jina lako. Lakini grupu ile ilikuwa na watu wengi wa kanisa hili, na simu yako iliguswa wakati wa mahubiri. Labda uliishika hapa hapa, chini ya Biblia, wakati mimi naangalia viatu. Njoo mbele leo, ndugu yangu. Yesu anasamehe. Mama Kerubo naye ameketi pale kwenye benchi la tatu, amekuachia nafasi.