Kidari cha Mzee Melkior

Benchi letu pale Njoro, mjini Moshi, mwaka ule wa 1953, lilikuwa ubao juu ya madebe mawili, na ugonjwa wowote ulipata waganga watatu hapo, bure. Asubuhi hiyo Sirili, kuli wa magunia ya kahawa tuliyemwita Winchi, alikaa amepakata kidari cha mbuzi ndani ya jani la mgomba. Mwanawe alikuwa amebatizwa, mbuzi akachinjwa. Kwao Kibosho, juu mlimani, kidari ni cha baba wa aliyechinja, na mwana hukipeleka mwenyewe, kizima. Yeye alizoea kukituma kwa mikono ya watu, maana goti lilimkatalia mlima. Mara ya mwisho baba yake, mzee Melkior, alikirudisha. Jambo hilo lilimuuma Sirili kuliko goti.

Abasi, mfunga vidonda wa hospitali, kwetu Nusu Daktari, alilibonyeza goti.

– Gegedu, ule mfupa laini, limechakaa. Mle mna sukari, Winchi, siyo ya chai. Imeshikana mnyororo mrefu, na mnyororo unakamata maji. Ukikanyaga yanaminywa, ukiinua mguu yanarudi. Hapo ndipo goti linapata mto wake wa kuegemea.

Kusikia sukari, Salehe muuza kahawa alimsogezea kashata zote za sinia. Wenseslaus fundi baiskeli, Injinia, akabisha kwamba sukari bila maji ni kazi bure: Sirili ashuke Mabogini, akae kwenye majaruba ya mpunga mpaka goti lishibe. Salehe naye akaona ncha nyeupe ya kidari imechomoza kwenye jani.

– Gegedu si hilo umelipakata? Kata, tafuna. Mzee hatajua.

Abasi alikiri hajui kama sukari ya kuliwa hufika gotini, lakini kisu alikwisha kukitoa. Sote tulimhimiza, na mimi nikiwemo.

– Hakikatwi, alisema Sirili. Kitafika kizima, hata nikitambaa.

Mwantumu, muuza maandazi aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama anasikiliza.

– Huyo baba aliyekula vidari maisha yake yote, magoti yake yakoje?

Tukamgeukia Sirili.

– Sijui sasa. Nilipomwona mara ya mwisho, alikuwa anatembea.

Hakuna aliyeuliza ilikuwa lini. Abasi alirudisha kisu mfukoni. Sirili alifunga jani vizuri, akakamata fimbo na kuishika njia ya Kibosho, akichechemea. Salehe alimwita amalizie kahawa yake. Hakugeuka.