Delbert Kozlik: Mgeni wa Miaka Thelathini na Minane

Baada ya miaka thelathini na minane ya kutunza glavu, viatu na magongo ya Korongo, klabu ya besiboli ya hapa Ashtabula, Bwana Delbert Kozlik anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Nimeombwa mimi wa tiketi niandike wasifu wake, kwa kuwa ofisi yangu imepakana na chumba chake cha kufulia. Nimekubali, ingawa mambo yake mengine yananichanganya mpaka leo.

Kwanza, alikuja hapa kama mchezaji. Alisajiliwa mdakaji, akavaa jezi, akakaa benchi akingoja zamu ya kupiga. Kabla haijafika, goti likamteguka mazoezini. Klabu ikampa kazi ya vifaa, naye akabaki. Sasa tumwite nani? Ukimwita mchezaji wa zamani anakuja juu: "Mchezaji gani? Uliza ukuta!" Maana ukutani kwetu hutundikwa picha ya kila aliyewahi kupiga, japo mara moja. Del amezifuta vumbi zote hizo. Yake haikuwamo.

Wachezaji watamkumbuka kwa begi. Kila mgeni wa msimu, yaani mchezaji mpya, hubeba begi la watoto, la rangi ya waridi, lililojaa peremende na mbegu za alizeti, akavuka nalo uwanja mzima mbele ya mashabiki kuwapelekea warushaji wa akiba. Del ndiye mlinzi wa mila hiyo, na hana huruma hata chembe.

Msimu huu akaja Shigeru Kamata, mwenye mvi na watoto watatu, aliyecheza Japani miaka kumi. Jamani, huyu naye mgeni? Tulibishana ofisini hadi kahawa ikapoa. Del akamaliza ubishi: "Mgeni ni yule asiyejua bafu lipi lina maji ya moto. Mpeni begi." Kamata akalivaa bila kinyongo, kisha akamuuliza, "Na wewe mzee, ulilibeba lini?" Del akanyanyua kikapu cha nguo chafu akaondoka. Nikadhani ana haraka.

Wiki iliyopita alinipitia kuniaga mapema. Akasema baada ya mechi ya mwisho, Jumapili, asingojwe kwenye sherehe. Atatokea mlango wa kufulia. "Sherehe ni ya wachezaji, mama. Mimi nimewafulia tu." Yalinichoma.

Kisha zikaja kura za Mgeni Bora wa Mwaka. Wachezaji hupiga, mimi nahesabu. Nilimtarajia Kamata, maana mipira yake imevunja vioo vya magari huko nje. Karatasi ya kwanza: Kozlik. Ya pili: Kozlik. Nikajua wananifanyia mzaha, nikazirudisha zote kwa maneno makali. Zikarudi vilevile, ya Kamata ikiwa juu. Ikabidi nisome kanuni. Haisemi lolote juu ya umri. Mgeni ni mchezaji aliyesajiliwa ambaye hajazidisha idadi fulani ya zamu za kupiga. Del hana hata moja. Na kumbe kocha alishamsajili upya. Mwenyewe alisaini akidhani ni karatasi za kiinua mgongo!

Jumapili wachezaji wakauziba mlango wa kufulia kwa vikapu vyake mwenyewe. Kamata akamvika begi mgongoni. Mzee wa watu akavuka uwanja wote akichechemea, mashabiki wamesimama, naye analia waziwazi. Warushaji wakamfokea kutoka mbali: "We mgeni, mbona umechelewa? Na peremende za ndimu ziko wapi?" Akawajibu wanyamaze, kamasi zikimtoka.

Picha ya mshindi hutundikwa ukutani. Yake ipo sasa, karibu na bafu lenye maji ya moto.

Asante, Del, kwa jezi safi na ulimi mkali. Nenda salama, ukaishi vizuri na upumzishe hilo goti. Ukipita kututembelea, tafadhali usije na kitambaa chako. Vumbi la picha yako tutalifuta sisi.