Mikia Minane ya Uzi Mwekundu

Kamwene, mama zangu. Kamwene nanyi, mabinti mlioketi huko nyuma karibu na mlango mnapopigwa na upepo. Tumeamka wazima na baridi hii, kwa hiyo tuna la kushukuru. Mama mwenyekiti ameniomba nisimame niwaeleze wanaoanza kudarizi mambo mawili tu: namna ya kuchagua kitambaa cha mishono ya msalaba, na namna ya kuanza uzi bila fujo. Nitaeleza. Lakini lazima kwanza niseme nilivyojifunza, maana nilijifunza kwa njia ya wivu, na wivu wenyewe ulikuwa wangu.

Simtaji mtu jina. Nina mawifi watatu na wote watatu wamo humu ndani, basi kila mmoja abaki na wasiwasi wake. Ninayemsema ni yule ambaye kaka yangu alimwoa kutoka Makete, upande wa Tandala. Haya, mmeanza kucheka, nimeshamtaja. Tuendelee.

Marehemu mama yangu mlimjua. Tangu kanisa letu lilipokuwa la nyasi, yeye ndiye aliyetunza kitambaa cha madhabahu. Alikifua kwa mikono yake, akakipiga pasi ya mkaa, akakitandika Jumapili kabla kengele haijalia. Mimi binti yake wa pekee niliruhusiwa kubeba ndoo ya maji, basi. Nikakua nikijua kwamba siku mama akichoka, kazi ile itakuwa yangu. Hakuna aliyeniahidi. Nilijiahidi mwenyewe.

Ndipo akaja huyo wifi. Kwao alikuwa amefundishwa sindano na sista wa Kizungu, na mikono yake ilikuwa haitulii. Mimi nilikuwa nimeolewa ng'ambo ya kijito. Kila nikivuka kwenda kwa mama nawakuta wawili barazani wanaota jua, mama anamenya viazi, yeye anadarizi, na mama anamwita "mwanangu". Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nahesabu. Siku moja nilihesabu mara tisa. Mimi niliitwa mara moja, tena nilikuwa natumwa kuni.

Kwaresima moja mwinjilisti akamwambia mama kwamba kitambaa cha zamani kimechakaa, kipatikane kingine kabla ya Pasaka. Mama macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, asingeweza kushona. Akatuita, mimi na wifi. "Kila mtu anishonee kipande cha upana wa kiganja," akasema. "Msalaba mwekundu na pindo lake. Ambaye nitaipenda kazi yake ndiye atakayeshona kile kikubwa." Nikajisemea moyoni kwamba mama anatafuta njia ya heshima ya kunipa mimi.

Tukapanda lori la viazi, tukashuka Makambako tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mhindi mwenye duka akatutandazia vitambaa mezani. Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye popelini. Nyeupe, laini, inang'aa. Wifi akashika amerikani. Ile nene, mama zangu, ya rangi ya uji, ambayo kwetu mtu akionekana nayo anaulizwa nani amefariki.

Nikamwambia, "Wifi, tunamshonea Mungu au tunazika?"

Mwenye duka akacheka. Wifi akachukua pembe ya kitambaa akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake, akaanza kuhesabu nyuzi moja moja kama anayetafuta chawa. Akahesabu zinazoshuka, akahesabu zinazokata. "Zinalingana," akasema. "Na zinaonekana." Mimi nikageukia barabarani, watu wasije wakajua tumekuja pamoja.

Mabinti, sikilizeni hapo. Mshono wa msalaba haukai popote unapotaka. Unakaa juu ya nyuzi za kitambaa: unahesabu tatu huku, tatu huku, unapita. Kitambaa ambacho nyuzi zake huzioni, huwezi kuzihesabu. Na kama zinazoshuka zimebanana kuliko zinazokata, misalaba yako itatoka mirefu au mifupi. Popelini yangu ilikuwa nzuri kwa kanzu. Kwa kazi ile haikufaa hata kidogo, nami niliinunua kwa sababu moja tu, kwamba yeye alikuwa hakuitaka.

Nilirudi nyumbani nikachora mistari kwa penseli ili misalaba inyooke. Haikunyooka. Mmoja mnene, mmoja mwembamba, wa tatu umelala. Na kila nilipoanza uzi mpya nilipiga fundo kubwa nyuma ya kitambaa ili usichomoke. Wifi yeye alifua amerikani kwanza, ijikunje kabisa ndiyo ishonwe, akaikunja mara nne kupata katikati, akaanzia hapo. Nilimwona akifua kitambaa kipya kabisa nikafikiri hana akili.

Siku ya kuonyesha, mama alipitisha vidole vyake juu ya kazi yangu, akageuza nyuma, akapitisha tena. "Nani ameninyunyizia njegere humu?" akauliza. Ni mafundo yangu. Akashika kipande cha wifi, mbele, nyuma, mbele tena. Hakusema neno la kusifu. Alisema tu, "Kile kikubwa atashona mke wa kaka yako."

Niliona wivu, mama zangu. Sitalipamba neno. Nilimwonea wivu kwa vidole vyake, kwa kukaa kwake na mama kila siku, hata kwa kikohozi chake, kwa sababu alipokohoa mama alisimama kumchemshia maji. Nikiwa shambani kwenye pareto nilikuwa natengeneza maneno ya kumwambia, na nikifika nyumbani mume wangu ndiye anayeyapata. Chakula hakikuwa na ladha. Nilikuja hapa kila Alhamisi, tukaomba pamoja, nikasema amina, na macho yangu yako kwenye kikapu chake cha nyuzi.

Alhamisi moja kikapu kile kikawa wazi, na kitambaa kikubwa kiko juu. Nikaona mafundo. Mafundo mekundu, mbele, upande wa kuonekana, yamesimama mbali kidogo na misalaba. Nilifurahi. Nikakiinua mbele yenu wote nikasema, "Tazameni kinachokwenda juu ya meza ya Bwana." Na ninyi mlicheka, msijifanye hamkumbuki.

Wifi alichukua mkasi, akavuta fundo moja juu kidogo, akalikata. Uzi haukuchomoka. Akakata la pili. Kisha akageuza nyuma, akawapitishia muone, na nyuma palikuwa bapa, hapana njegere hata moja. Akaeleza kwa sauti yake ile ndogo: fundo unaliweka mbele, vidole vitatu mbele ya pale unapoanzia. Mkia wa uzi unalala nyuma ya kitambaa, na wewe unaposhona kuliendea fundo, misalaba yako inaukanyaga mkia huo na kuushika. Ukishafunikwa wote, fundo halina kazi tena. Unalikata.

Wote mkasema ahaa. Mimi nilisema ahaa kwa mdomo. Njia nzima mpaka kijitoni nilikuwa nawaza kitu kimoja: kumbe kinachoshika kazi yote ile ni mkia ule tu.

Wifi alimaliza kitambaa Jumatano kabla ya Pasaka. Kilikuwa kimekunjwa kwa mama kikingoja kufuliwa. Mchana ule mama alikuwa amelala kidogo, wifi yuko kwenye viazi. Nikaingia. Nikakigeuza nyuma, na kwa ncha ya sindano nikaichomoa mikia chini ya misalaba yake, mmoja baada ya mwingine, nikaikata kwa mkasi karibu kabisa na kitambaa. Minane. Mbele hapakuonekana kitu. Nikakikunja kama kilivyokuwa, nikavuka kijito, nikawapikia watoto wangu, nao wakala wakashiba.

Kesho yake asubuhi nilikwenda makusudi kuona. Niliwaza mama atamgombeza, atamwita kwa jina lake na si mwanangu, na Pasaka ile watu watamkumbuka kwa aibu.

Nilimkuta mama amepiga magoti mbele ya karai. Nyuzi nyekundu zilikuwa zinaelea juu ya povu, na misalaba imefunguka sehemu nane. Wifi amesimama pembeni. Mama hakuwa anamtazama wifi. Alikuwa anashikashika kitambaa kile majini, anatafuta mahali palipoharibika, na midomo inacheza.

"Nimekisugua mno," akasema. "Sioni, na sasa hata mikono haijui inachofanya."

Wifi akakichukua, akakigeuza. Mnajua, uzi uliokatika kwa kusuguliwa una manyoya. Uliokatwa kwa mkasi una ncha safi. Akaona. Akaniangalia mara moja, kisha akamwambia mama, "Mama, kosa ni langu. Nilianza nyuzi vibaya."

"Usinifariji," mama akasema. "Kazi yako niliishika kwa vidole hivi hivi, haikuwa na kosa. Nenda kwa mwinjilisti, mwambie atafute mtu mwingine wa kutunza kitambaa. Mimi basi."

Wifi akajifunga kanga, akaanza kwenda. Alikuwa anakwenda polepole, nadhani makusudi. Ndugu zangu, nawaambia, pale nilikuwa nimeshinda. Wifi amejitwika kosa mwenyewe, na kazi ya mama imeachwa wazi, na binti wa mama ni mimi. Kila nilichokitaka kilikuwa kimewekwa mbele yangu. Na mama yangu amepiga magoti, anatazama viganja vyake na haoni.

Nikamwita, "Wifi, rudi."

Nikasema. Nilisema yote, la sindano, la mkasi, la kuingia mama akiwa amelala. Sikupiga magoti, nilikaa tu chini kwenye tope la maji ya kufulia.

Nilingoja mama anitukane. Aliinua mikono yake, bado ina povu, akasugua kidole kwa kidole, polepole, kama anavyopima kitambaa.

"Kumbe mikono yangu ni mizima," akasema.

Hilo tu. Ingekuwa nafuu kama angenichapa kwa fimbo mbele yenu. Wivu nilikuwa naujua tangu siku nyingi, lakini pale ndipo nilipoona ulikokuwa umenifikisha, kwamba nusura nimpokonye mama kazi aliyoifanya tangu sijazaliwa, na yeye angenifia akiamini mikono yake ndiyo iliyomwangusha.

Kitambaa kikaanikwa. Mchana tukakaa barazani, mama katikati, kitambaa juu ya mapaja yetu watatu. Amerikani ile ilikuwa na wema wake: matundu ya sindano yalikuwa bado yanaonekana, wifi akajua kila msalaba ulikuwa umekaa wapi. Akaanza uzi mpya sehemu nne, nne nyingine akanipa mimi. Nikaweka fundo mbele, vidole vitatu. Nikahesabu tatu huku, tatu huku. Mama akawa anapitisha kidole nyuma yangu, akikuta mkia haujakanyagwa ananigonga kiwiko. Jumamosi tulimaliza, mama akakifua kwa mikono yake, na Pasaka mlikiona wenyewe.

Namshukuru mwinjilisti, aliyeambiwa habari yote na hakuniondoa humu. Nawashukuru ninyi, mliolijua jambo hili nusu nusu na hamkuniuliza. Namshukuru mume wangu, aliyekula maneno yasiyo yake. Na huyo niliyesema simtaji, namshukuru kwa kutembea polepole asubuhi ile.

Nisije nikadanganya, wivu haukuondoka siku moja. Mama alipofariki, kazi ya kitambaa ilikwenda kwa wifi, na iliniuma. Hata leo nikimwona anakitandika kuna kitu kinanichoma hapa. Nimejifunza kusema mapema kwamba kinanichoma, kabla sijashika chombo chochote chenye makali. Hilo ndilo ninalowaachia, pamoja na lile la kuhesabu nyuzi dukani penye mwanga na kufua kitambaa kabla ya kushona.

Sasa mabinti, sogeeni mbele na sindano zenu. Atakayewafundisha si mimi, ni yeye pale, mwenye kikapu. Mimi nitakaa karibu naye. Tangu Pasaka ile, kila akimaliza mstari ananigeuzia kitambaa upande wa fundo, ananipa mkasi wake mkononi, na ananiambia, "Kata, wifi."