Daftari la Mwalimu wa Voliboli

Naomba radhi mapema, kisa hiki nitakisimulia vibaya. Nitaruka mahali pa maana, na nikifika kwenye fainali huenda nikakohoa makusudi ili nipate muda wa kufikiri. Nimefanya vichekesho vya jukwaani miaka ishirini na sita, najua kumficha mtu aliyeboronga mpaka pazia lifungwe. Hili limenishinda. Hata sasa sijui kama nidai pongezi au nipige magoti.

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Kinyozi, linatazamana na geti la chuo. Lina mbao tatu, ya katikati ina ufa, na anayechelewa ndiye anayekalia ufa. Birika la kahawa hukaa ndani, karibu na mashine za kunyolea, kwa hiyo ukikuta unywele kikombeni usianze kuuliza ni wa nani. Wa kudumu tuko wanne: Kinyozi mwenyewe, Fundi Saa, mwenye meza ya kioo hatua tatu kutoka hapo, Bawabu wa chuo, akishamaliza zamu, na mimi, wananiita Komedi. Na kila Alhamisi kabla ya mechi, saa kumi kamili, huja Mwalimu, kocha wa voliboli wa wasichana wa chuo. Miaka ishirini na miwili, vikombe kumi na vinne. Huja na filimbi shingoni, hukaa penye ufa bila kulalamika, hunywa kikombe kimoja, hutuuliza swali moja, hutusikiliza kwa umakini ambao wake zetu hawana, kisha huondoka. Jumamosi hushinda.

Alhamisi hii ilikuwa ya fainali, na fainali yake ya mwisho. Jumatatu anastaafu. Na balaa, seta wake, yule anayewainulia wenzake mpira waupige, alikuwa amevunjika kidole. Wamebaki wawili wa kuziba pengo: mrefu mmoja tuliyembatiza Mlingoti, na mfupi mmoja tuliyembatiza Kisoda.

Saa tisa Bawabu akaja ananyata, tumbo la sweta limekaa pembe nne.

Bawabu: Sogeeni. Nina daftari.

Kinyozi: La nini?

Bawabu: La Mwalimu. Nilikuwa nambebea makasha ya ofisini, moja likapasuka chini. Nitalirudisha. Komedi, hebu soma jalada, miwani nimeiacha getini.

Jalada lilikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: KIJIWENI.

Fundi Saa: Kijiweni ni sisi.

Kinyozi: Fungua basi, au unasubiri upigiwe makofi?

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mwaka wake wa kwanza, alipokuwa na mpira mmoja na wavu aliousuka kwa kamba za kuanikia nguo. Chini yake mechi, na chini ya mechi, ushauri wetu, neno kwa neno, pamoja na aliyeutoa. Ukurasa wa pili hivyo hivyo. Miaka yote ishirini na miwili.

Kinyozi: Kwa hiyo vikombe kumi na vinne ni vyangu.

Fundi Saa: Vyako vipi? Wewe ulimwambia awanyoe.

Kinyozi: Kichwa kikiwa chepesi mtu anaruka juu zaidi. Hiyo ni sayansi.

Fundi Saa: Mimi nilimwambia wahesabu sekunde kabla ya kuruka. Timu ile inakwenda kwa saa yangu.

Bawabu: Na geti analifungua nani? Bila geti wangechezea barabarani.

Kinyozi: Jumatatu wakimuaga, sisi tunakaa meza kuu. Na chuo kitupe shahada.

Bawabu: Ya nini?

Kinyozi: Ya uzamili. Ya kwanza tulishaipata hapa benchi.

Mimi: Tulieni kidogo. Pembeni kuna alama.

Fundi Saa: Alama gani?

Mimi: Mistari miwili iliyokatana. Kila ukurasa.

Na kwa kuwa kazi ni kazi, nikawasomea kwa sauti za wenyewe: Kinyozi nikampitisha puani, Fundi Saa nikamburuza, Bawabu nikamwekea na kikohozi. "Fundi Saa amesema warefu wote mbele. Kosa. Nimechanganya na wafupi, tumeshinda seti tatu kwa bila." "Kinyozi amesema yule wa mkono wa kushoto apumzishwe. Kosa. Nimemwanzisha, tumechukua kikombe." "Bawabu amesema wapinzani ni wanyonge, tusijisumbue. Kosa. Tumefanya mazoezi mara mbili." Mahali pamoja tu, mwaka wa tisa, palikuwa na alama ya sahihi, na maneno yalikuwa yameandikwa kwa mkono uliochoka: "Leo sina nguvu ya kufikiri, nimewafuata. Tumefungwa na timu iliyokuja na wachezaji watano."

Wachezaji wa voliboli ni sita.

Kinyozi akakaa chini, penye ufa, na wala hakuusikia.

Kinyozi: Mama yule ametufanya wajinga.

Fundi Saa: Hapana. Nisikilize. Saa ikichelewa dakika ishirini leo na hamsini kesho, hiyo mbovu. Ikichelewa ishirini kila siku, hiyo nzima kabisa. Unaongeza ishirini, unajua wakati. Sisi ni saa nzima.

Bawabu: Inayochelewa.

Fundi Saa: Miaka ishirini na miwili bila kufunguliwa kifuniko.

Bawabu: Sasa leo akija tumwambie nini? Msilete mzaha. Kabati la vikombe nimelihamisha kwa mikono yangu. Lina nafasi kumi na tano. Ile moja tupu ameipangusa vumbi.

Kikombe cha kumi na tano kilikuwa mikononi mwa watu wanne wasiojua lolote, na kwa mara ya kwanza watu hao walikuwa wamejua hivyo.

Kinyozi: Mimi nilitaka kumwambia aanze Mlingoti.

Bawabu: Basi mwambie Kisoda. Atageuza, ataanza Mlingoti wako.

Fundi Saa: Ndiyo tumeangamia. Akianza anayetakiwa na Kinyozi, tumefungwa. Mwambie Mlingoti, kweli kabisa, kutoka moyoni, ili ageuze.

Kinyozi: Sawa, namwambia Mlingoti.

Fundi Saa: Lakini bado unamtaka?

Kinyozi: Nilimtaka kabla Komedi hajasoma. Sasa najua nikimtaka nakosea, kwa hiyo namtaka Kisoda.

Bawabu: Basi Kisoda ndiye kosa.

Kinyozi: Kwa hiyo namtaka Mlingoti.

Bawabu: Umerudi ulikotoka.

Kinyozi: Sijarudi. Mara ya kwanza nilipita hapa nikiwa mtu mwingine.

Fundi Saa: Tatizo ni kwamba hatukosei tena kwa moyo safi. Komedi ametufungua kifuniko.

Bawabu: Tutafute mtu asiyejua kitu, tumwambie yeye.

Mimi: Kuliko sisi? Daftari limethibitisha hakuna.

Kinyozi: Tujifanye wagonjwa.

Fundi Saa: Wanne kwa pamoja? Na ugonjwa gani, wa maoni?

Saa kumi kamili. Bawabu akalikalia daftari. Mwalimu akavuka barabara, filimbi inaruka kifuani, akamkuta Kinyozi penye ufa, akamsogeza kwa kiganja kama mtu asogezavyo mto, akakaa mahali pake. Akapewa kikombe.

Mwalimu: Kaka zangu, daftari langu limepotelea kwenye makasha, leo nitaandika kwenye karatasi. Seta wangu kavunjika kidole, nadhani mmesikia. Nani aanze Jumamosi?

Kinyozi akaenda kutazama birika. Fundi Saa akaanza kuipa ufunguo saa ya mkononi ambayo ni ya betri. Bawabu akakohoa kile kikohozi nilichokuwa nimekiigiza, na siku hiyo kilifanana sana.

Mwalimu: Mbona kimya?

Kinyozi: Kahawa imekwisha.

Mwalimu: Sijauliza kahawa, kaka yangu. Mlingoti au Kisoda?

Miaka ishirini na miwili hatukuwahi kuwaza kabla ya kumjibu. Sasa tuliwaza, na hakuna kilichotoka. Kalamu yake ilikuwa hewani. Hapo nikaelewa kwamba vikombe kumi na vinne haviondoi woga wa cha kumi na tano.

Mimi ukimya siuwezi. Jukwaani ukizidi sekunde tano, najisikia ninazama.

Mimi: Waweke wote wawili.

Naapa sijui lilikotoka. Mwalimu akanitazama, uso ukafunguka kama mtu aliyepokea zawadi. Akaandika. Akachora mistari miwili iliyokatana, akidhani tunadhani ni saini yake. Akashukuru, akavuka barabara kwa nusu mbio.

Fundi Saa: Ulisema unachoamini, au kinyume chake?

Mimi: Nilisema kilichokuwa mdomoni.

Fundi Saa: Mdomo wa leo au wa siku zote?



Jumamosi tukakaa jukwaa la chini, safu ya pili. Akaanza Kisoda peke yake. Seti ya kwanza wakafungwa: Kisoda anainua mipira vizuri, lakini mbele ya wavu wapinzani wanapiga juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Ya pili akaingia Mlingoti peke yake. Anazuia vizuri, ila mipira anayoinua inaelekea kwa watazamaji. Wakafungwa. Mwalimu akaomba muda, akasimama akiangalia sakafu, halafu akawaingiza wote wawili. Aliyeko nyuma anainua, wakizunguka wanabadilishana. Ya tatu wakashinda. Ya nne wakashinda bila ubishi. Ya tano wakafika kumi na tatu kwa kumi na tatu.

(Hapa ndipo ninapokohoa.)

Wakafungwa kumi na tano kwa kumi na tatu. Wangeanza hivyo tangu seti ya kwanza, kipofu angeona wangefika wapi.

Mwalimu aliwakumbatia wasichana wote, mmoja mmoja, yule wa kidole kilichovunjika akamshika muda mrefu zaidi. Kisha akapanda ngazi hadi kwetu. Bawabu akamkabidhi daftari. Hakuuliza lilikuwa wapi.

Mwalimu: Komedi, ulijuaje?

Mimi: Sikujua, Mwalimu. Ulikuwa ukimya tu.

Akatikisa kichwa polepole, hana hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

Mwalimu: Miaka ishirini na miwili nimewaamini. Hamkuwahi kuniangusha hata mara moja.

Siku hizi hata nikiwahi wa kwanza kijiweni, nakalia ufa. Nimejaribu kujitetea. Nimesema kasha lilipasuka, Bawabu aliiba, Kinyozi aliishiwa kahawa. Hawanisikii, na wana haki. Wenzangu walikosea miaka ishirini na miwili na hakuna aliyeumia. Mimi nilipatia mara moja tu.