Picha ya Kumi na Mbili

Mgeni rasmi, Mama Françoise, mshauri wa utamaduni wa jimbo letu. Wazazi, na majirani mliofunga maduka kuja kutusikiliza:

Sisi vijana tisa wa Karakana ya Nyufa Kumi na Mbili, ambao tungekuwa kumi, tunawakaribisha. Nitasoma mimi, Isaïe, na nitasoma kwa sauti, maana hatuna la kuficha.

TULIKOTOKA

Kabla ya sinema kuzaliwa, watu walitazama picha ndani ya ngoma. Ni pipa jepesi lisilo na kifuniko, lenye nyufa kumi na mbili ubavuni na ukanda wa picha kumi na mbili ndani. Ukilizungusha na kuchungulia kwenye nyufa, mtu aliyechorwa anatembea. Ulimwengu ulikiweka chombo hicho makumbushoni. Sisi tumekifufua hapa Kisangani, katika ghala kuukuu la Papa Hemedi, kwa kompyuta moja na mashine inayokata mbao nyembamba kwa mwali wa leza. Hakuna aliyetufundisha. Tuliharibu mbao arobaini. Ya arobaini na moja ikazunguka.

TULIYOFANYA

Ngoma zetu zimefika Basoko kwa boti, na zimefika kwa waliokimbia mapigano ya ng'ambo ya mto. Huko ndiko Mama Berthe, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, alikomwambia mchoraji wetu Ezéchiel: "Mutoto, unachora watu wanacheza tu. Unichore mimi narudia kwangu."

Ezéchiel akamchora akivuka mto kwa mtumbwi. Picha kumi na moja zilikamilika. Ya kumi na mbili, mguu wake ukikanyaga ufuo wa nyumbani, alisema ataichora akirudi kutoka Bengamisa, alikokuwa akipeleka ngoma shuleni.

LILILOTUKWAMISHA

Umeme hukatika; hilo, Mama Françoise, unalijua hata ofisini kwako. Tuseme jingine.

Ngoma ya Bengamisa tuliifunga mota. Tuliinunua kwa mpiga picha wa harusi, ikitoka katika ndege yake ndogo isiyo na rubani. Tulijivunia kasi yake, hatukuifikiria sauti yake. Kwenye kizuizi cha barabarani mlinzi aliuliza: "Hii iko nini?" Ezéchiel, kwa majivuno yetu sote, akaiwasha. Ukatoka mlio ule ule ambao vita hii imetufundisha kuuogopa. Foleni nzima ikalala chini. Mama mmoja, muuza samaki wa chumvi, akapaza sauti kutoka matopeni: "Weye! Umenimwangia makayabu yangu yote!"

"Hairuke, chef," Ezéchiel akasema. "Inazunguka tu."

"Zote zinaanza na kuzunguka," mlinzi akajibu. "Twende."

Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu Ezéchiel achukuliwe. Mama yake, Mama Adeline, ameketi pale mstari wa mbele. Kila siku anampelekea chakula. Uso wa mwanawe hajauona. Kosa la mota ni letu sote kumi. Mota nyingine tulizokwisha kufunga tumezing'oa zote. Sasa ngoma zinazungushwa kwa mkono, na mkono hautoi mlio.

MAOMBI

Katika mwaliko tuliandika maombi matatu: paa, jenereta na ukumbi wa maonyesho. Tunayafuta mbele yako. Paa likivuja, tutasogeza meza. Wanaomshikilia Ezéchiel wamesema watamwachia akidhaminiwa na mkubwa anayekijua chombo hiki. Basi tunaomba saini moja, chini ya barua inayosema umeiona ngoma hii kwa macho yako na kuizungusha kwa mkono wako.

Ngoma iko mezani, Mama. Utamwona Mama Berthe akipiga kasia, akikaribia, kisha pengo jeupe, na anajikuta tena katikati ya mto. Wengine wamejitolea kulijaza pengo hilo. Tumekataa. Lina mwenyewe.

*Ngoma yetu yazunguka, haina bawa kuruka,*
*Mama angali avuka, ng'ambo bado kuifika,*
*Mchoraji akitoka, picha itakamilika.*

Barua imeshachapwa, na kalamu iko kando ya ngoma. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aujalie mkono wako wepesi: kwanza kwenye ngoma, kisha kwenye kalamu.

Ni sisi, Karakana ya Nyufa Kumi na Mbili,
tisa tuliosimama hapa, na mmoja tunayemngoja.